Kabla Hujanunua Umeme wa Bure

Masoko ya tumbaku yakishafunguliwa na malipo yakaanza kuingia, Urambo, Kaliua na Sikonge hupata wageni wa kila aina. Yuko wa pikipiki za mkopo, yuko wa dawa za kuongeza mavuno, na siku hizi yuko wa umeme. Huyu wa umeme huja na video kwenye simu: mota inazungusha mkanda, mkanda unazungusha alteneta, alteneta inawasha taa tano, na waya unaotoka kwenye alteneta unarudi kuilisha mota ile ile. Hakuna mafuta, hakuna jua, hakuna LUKU. Atakwambia mtambo ukishawashwa umewashwa, utauzima mwenyewe ukichoshwa na kelele. Bei yake itauma, ila haitazidi ulichopata msimu huu. Hilo nalo si bahati, amekuja akijua.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeombwa fedha, uwe mkulima, mwenye duka Nzega, mwenye saluni Tabora mjini au mweka hazina wa kikundi cha vikoba. Si lazima uwe umesoma fizikia. Utahitaji jiko la koili, mizani, na subira ya siku moja.

Mtambo unakula nini?

Swali la kwanza ni hilo, na mtu wa Tabora hana sababu ya kuona haya kuliuliza. Mji wenyewe ulikua juu ya hesabu hiyo. Wapelelezi Burton na Speke walipoingia Kazeh, yaani Tabora ya zamani, Novemba 1857 walikuwa wamepita njia ambayo kila mzigo juu yake ulikuwa na gharama inayojulikana. Mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na kila mpagazi alikuwa na posho yake: vipande vya merikani au kaniki, shanga, nafaka. Mgunda Mkali, lile pori kavu kati ya Ugogo na Unyanyembe, halikuvukwa kwa maneno matamu. Kiongozi wa msafara asiyejiwekea chakula mapema aliacha mizigo porini, na pengine aliacha watu. Stanley mwaka 1871, pamoja na haraka zake na fedha za gazeti lililomtuma, alitumia siku 84 kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, na posho haikusamehewa hata siku moja. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ilimpumzisha mpagazi, lakini injini nayo ilidai moto tumboni.

Hicho ndicho wanasayansi walichokuja kukiandika kwa tarakimu katika miaka ya 1840. Mayer, Joule na Helmholtz, kila mmoja kwa njia yake, walifikia hesabu moja: nishati haizuki wala haipotei, inabadilika sura tu. Chakula huwa mwendo, mwendo huwa umeme, umeme huwa joto. Hata kabla yao, mwaka 1775, Chuo cha Sayansi cha Paris kilitangaza kuwa hakitapokea tena michoro ya mitambo inayojiendesha milele. Walikuwa wameshachoka.

Chukua basi mtambo wa kwenye video. Mota ndogo iliyo nzuri, ukiipa wati 100, itatoa kama 80 kwenye mhimili. Hizo 20 zimekuwa joto, ndiyo maana ukiishika baada ya muda inachoma. Mkanda nao unakula chache. Alteneta ya gari hugeuza kuwa umeme kama nusu hadi theluthi mbili ya nguvu inayopewa. Umebaki na wati 40 au 50. Hizo ndizo zirudi kulisha mota inayodai 100, kisha ziwashe na taa tano? Muuzaji atakuonyesha gurudumu zito la chuma alilolifunga katikati na kusema nguvu inatoka hapo. Gurudumu hilo hutunza mwendo liliokwisha kupewa, na likiupunguza kidogo kidogo linaweza kuzunguka dakika kadhaa bila kusukumwa. Dakika hizo ndizo hasa urefu wa video.

Sumaku ni hivyo hivyo. Inavuta msumari bila kuchoka, kweli, lakini ukitaka ivute tena lazima uubandue msumari, na nguvu ya kuubandua ni ile ile iliyouvuta. Na mvumbuzi Tesla, ambaye jina lake halikosekani kwenye biashara hii, mnara alioanza kuujenga Wardenclyffe karibu na New York mwaka 1901 ulikuwa wa kusafirisha umeme bila waya. Umeme wenyewe ulikuwa lazima uzalishwe kwanza kwa mashine ya kawaida. Mnara ulibomolewa mwaka 1917.

Usibishane, pima

Tuseme bado moyo unakuvuta. Usigombane na muuzaji wala usimwombe maelezo; maelezo anayo mengi kuliko wewe, na kila ukiuliza atakuongezea. Omba kipimo.

Anza kwa kumtaka ataje wati ngapi na kwa muda gani. "Unaendesha nyumba nzima" si jibu. Akisema kilowati 5 mfululizo, piga hesabu mbele yake. Kilowati 5 kwa saa 24 ni uniti 120 kwa siku. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, Sh1,000 hununua uniti 2.8 hivi, kwa hiyo sanduku lenye mtambo wake linatema umeme wa zaidi ya Sh40,000 kila siku inayokwenda kwa Mungu, zaidi ya milioni moja na laki mbili kwa mwezi. Mwenye kitu hicho angekuwa na mashine za kusaga kuanzia Ipuli hadi Ujiji. Imekuwaje yuko kwenye basi la Kaliua akikutafuta wewe?

Halafu lipandishe sanduku kwenye mizani, hata ile ya chama cha msingi inayopimia mitumba ya tumbaku. Uzito unakuambia ni betri kubwa kiasi gani inaweza kuwa imejificha ndani. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampia-saa 100 ina kilo 25 hadi 30, na ikijaa hubeba uniti 1.2. Za lithiamu ni nyepesi zaidi: kilo kumi hubeba uniti moja, au mbili zikiwa za hali ya juu. Sanduku la kilo 40, hata likiwa betri tupu kutoka chini hadi juu, halitabeba zaidi ya uniti 10. Iandike namba hiyo.

Sasa ondoa taa zake. Wauzaji wa mitambo hii wanapenda sana taa za LED, na sababu ni hesabu ile ile: taa ya wati 10 inaweza kuwaka siku nne usiku na mchana kwa betri moja ya volti 12 niliyoitaja. Utakesha ukistaajabu, kumbe unatazama betri ikiisha taratibu. Badala ya taa weka jiko la koili la wati 1,000. Usiweke pasi, maana pasi hujizima ikishapata moto, na muda huo imezima muuzaji atauhesabu kuwa ushindi. Jiko la wati 1,000 kwa saa 24 linakula uniti 24. Betri yoyote ya kilo 40 itakuwa imekauka kabla ya jogoo wa kwanza. Muuzaji hana cha kulalamikia hapo. Umemwomba sehemu moja ya tano ya alichoahidi.

Mahali pa kipimo pana maana kuliko watu wanavyodhani. Toka kwenye chumba chake, toka kwenye ukuta, toka hata kwenye sakafu. Uwanja wa mpira wa shule unafaa. Sanduku liwe juu ya benchi la mbao, miguu ya benchi ionekane, watu waweze kulizunguka pande zote. Bandika karatasi zenye sahihi kwenye maungio ya kifuniko: sahihi ya mtendaji, ya mwalimu wa fizikia, na ya fundi umeme ambaye hana undugu na muuzaji. Kati ya sanduku na jiko funga mita ndogo ya uniti, na mtu aandike namba zake kila saa. Muuzaji akae, ale, alale, ila asiguse. Walinzi wabandike sufuria jikoni wapate chai, maana usiku wa Tabora wa Juni na Julai una baridi yake. Huenda chai hiyo ndiyo ikawa nishati pekee ya bure katika zoezi zima.

Fedha yako wakati huo iko wapi? Iko kwako. Hakuna malipo ya kushika nafasi, hakuna nauli ya mtaalamu kutoka Dar, hakuna ada ya kufungua kifuniko.

Mara nyingi hutafika hata uwanjani. Utaambiwa mtambo haupendi mizigo ya joto, au unahitaji kwanza wiki mbili za kuzoea, au kifuniko kikifunguliwa siri itaibwa. Hilo la siri lijibu hivi: hatufungui kifuniko, tunataka jiko liwake tu. Anayekataa hata hapo ameshakupa majibu ya kipimo, na hujatumia senti.

Mzee wa darini

Kama unadhani watu wa zamani walikuwa wajinga kuliko sisi, msikilize Charles Redheffer. Mwaka 1812 alionyesha Philadelphia, Marekani, mashine iliyozunguka bila kulishwa chochote, na watu walilipa kiingilio kuitazama. Mwaka 1813 akawa nayo New York. Huko akaja mhandisi Robert Fulton, yule wa meli za mvuke, na kilichomshtua ni sikio lake, si jicho: mashine ilizunguka kwa kwenda haraka kidogo na kupungua kidogo, kama kitu kinachosukumwa kwa mkono. Akabandua vibao vilivyoiunganisha mashine na ukuta, akakuta uzi wa utumbo umepenyezwa ndani. Wakaufuata uzi hadi darini. Inasimuliwa kwamba huko walimkuta mzee mwenye ndevu akizungusha mkono wa chuma, na mkono wake mwingine ukiwa na kipande cha mkate.

Mashine ilikuwa na posho kama mpagazi yeyote. Ilikuwa imefichwa ghorofani tu.

Tangu hapo sura zimebadilika lakini dari ni ile ile. Stanley Meyer wa Ohio aliuza haki za gari lake la "kutumia maji" hadi wawekezaji walipomshtaki. Mwaka 1996 mahakama iliwaita wataalamu, wakakuta ndani kifaa cha kawaida cha kutenganisha maji kwa umeme, na akaamriwa kurudisha fedha. Maji hayawezi kuwa mafuta kwa sababu yameshaungua: ni haidrojeni iliyokwisha kuunguzwa na oksijeni, na kuyatenganisha kunakula nishati isiyopungua utakayoipata yakiungana tena. Huko Zimbabwe mwaka 2007, wakati dizeli ilikuwa haipatikani, mganga mmoja wa Chinhoyi aliwaonyesha hadi mawaziri dizeli safi "ikitoka" kwenye jiwe. Iliishia mahakamani na gerezani. Ninayoyaona hapo ni matatu: shida ya kweli, mtu mwenye maneno, na wakubwa waliopiga makofi kabla ya kupima.

"Wamemzuia"

Zimbabwe hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea video inayorudi kila mwaka kwenye makundi yetu, ya Maxwell Chikumbutso na kampuni yake ya Saith. Mwaka 2015 alionyesha Harare mitambo anayodai inapata umeme kutoka kwenye mawimbi ya redio, na mwaka 2025 Rais Mnangagwa mwenyewe alimsifia hadharani. Tumeona magari na masanduku. Vipimo vya maabara huru, ambavyo mtu mwingine anaweza kuvirudia, havijachapishwa.

Dai hili la mawimbi unaweza kulipima wewe mwenyewe kwa kalamu. Jua la saa sita mchana linamwaga takriban wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Mawimbi ya mnara wa simu, pale chini unapopita, kwa kawaida hayafiki hata sehemu ya mia ya wati moja kwa eneo hilo hilo. Ni kweli redio za kioo za zamani zilisikika bila betri. Zilinyonya mawimbi ya kituo, na ziliweza kutikisa kiwambo cha sikioni basi. Kuendesha gari kwa njia hiyo ungehitaji kutandaza antena wilaya nzima, na hata hivyo umeme ungekuwa wa mwenye mnara, ambaye ameulipia.

Watakujibu kwamba wazungu wamemzuia, au kampuni za mafuta zimemzuia. Twende polepole. Kigoma iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, mafuta yakisafirishwa kutoka pwani na shirika likila hasara. Mpanda vivyo hivyo. Serikali imetumia mabilioni kupitisha nguzo Ipole na Inyonga hadi Katavi, imejenga bwawa la Mwalimu Nyerere la megawati 2,115, na kwenye Mto Malagarasi, ambao misafara ya Ujiji ililipa ili ivushwe kwa mitumbwi, unajengwa mtambo wa megawati 49.5. Kungekuwa na sanduku lenye kufanya kazi hiyo, mnunuzi wa kwanza angekuwa TANESCO. Wa pili angekuwa mwenye minara ya simu iliyo maporini, anayehangaika na paneli, betri na walinzi wa mafuta. Hawa ni watu wanaohesabu kila lita. Hakuna mkubwa wa Ulaya anayeweza kuwazuia kuokoa fedha yao.

Vitu vidogo vinavyouzika zaidi

Ukweli ni kwamba wengi hawauziwi mtambo wa mamilioni. Wanauziwa vidude.

Kidude cha kuchomeka ukutani "kinachopunguza matumizi ya LUKU" ndicho kinara. Ukikifungua utakuta taa ndogo ya kijani na kapasita. Kapasita ina kazi yake kwenye viwanda vyenye mota kubwa, lakini mita ya nyumbani inahesabu uniti ulizotumia kweli, na kidude hakizipunguzi. Taa yake ya kijani inaziongeza kidogo sana. Kukipima ni rahisi: chemsha lita mbili za maji nacho, chemsha tena bila yake, linganisha mita.

Mwingine ni yule "fundi" anayekuja usiku. Huyu umeme wake unafanya kazi kweli, kwa sababu anauchukua kabla ya mita. Huo ni wizi, na jina litakaloandikwa kwenye jalada ni la mwenye nyumba. Tena asikubali mtu yeyote kuunganisha jenereta au inveta kwenye nyaya za nyumba bila swichi ya kutenganisha na laini ya TANESCO. Umeme ukirudi kwenye nguzo unamkuta fundi juu ya ngazi.

Hata jua, ambalo ni halali, lina matapeli wake. Paneli bora za leo hugeuza kidogo zaidi ya sehemu moja kwa tano ya jua linaloziangukia, kwa hiyo mita moja ya mraba hutoa wati 200 na kidogo. Nenda dukani na futi ya fundi cherehani. Paneli yenye mita moja kwa sentimita 70 inayojiita wati 300 inadanganya. Inatakiwa isizidi kama 150. Betri inayojiita ampia-saa 100 ya maji au jeli na unaiinua kwa mkono mmoja bila kukunja uso, irudishe.

Ukiambiwa ununue hisa

Wakati mwingine haupo mtambo kabisa, kuna "mradi". Unachangia sasa, kiwanda kikianza unavuna, na ukileta wenzako unavuna mapema. Tulishapita hapo. Mwaka 2009 upatu wa DECI uliporomoka ukiwa na "mbegu", yaani michango, za maelfu ya Watanzania, wengi wao wameletwa na watu waliosali nao. Kuchanganya gurudumu la sumaku na mpango wa namna hiyo hakuongezi usalama wowote. Aliyekuleta ni ndugu yako, sawa, naye aliletwa na ndugu yake. Kipimo cha jiko kinahusu hapo pia: hakuna jiko, hakuna hisa.

Kama mvumbuzi ni wewe

Kijana wa VETA au wa Tabora Boys unayesoma hili huku una gurudumu lako uani, sikukatazi. William Kamkwamba wa Malawi, akiwa kijana aliyekosa ada baada ya njaa ya 2001 na 2002, aliunganisha fremu ya baiskeli, feni ya trekta na nguzo za mikaratusi, akapata umeme. Njombe, John Fute, maarufu Mzee Pwagu, alizungusha mtambo kwa maji na kuwawashia wanakijiji taa hadi serikali ikamtambua. Waulize hao mitambo yao inakula nini, watakuonyesha kwa kidole: upepo ule, maji yale.

Wako ukijiendesha wenyewe, mtuhumu kwanza wewe mwenyewe. Ondoa betri zote, za kuanzishia pia. Weka mzigo. Uache usiku kucha. Ukibaki unawaka asubuhi, mpe rafiki anayekupinga aurudie kwake bila wewe kuwepo. Ukisimama, angalau umejifunza mota, na fundi wa mota Tabora halali njaa. Kitu chenye faida ya kweli, hata kidogo, kama jiko linalookoa kuni za miombo au kikaushio cha tumbaku kinachokula magogo machache, kipeleke SIDO, kiingize kwenye mashindano ya ubunifu ya MAKISATU, waone COSTECH, na hataza iombe BRELA. Hataza si cheti kwamba kitu kinafanya kazi, kwa hiyo usimwonyeshe mteja kama ushahidi, na wewe mteja usiipokee hivyo.

Na wewe uliyekwisha kununua: tunza risiti, ujumbe wa M-Pesa na namba ya simu iliyokupigia, uvipeleke polisi na Tume ya Ushindani. Waambie na wenzako wa kikundi, hata kama watacheka, kwa sababu muuzaji bado yuko wilayani. Kitu kimoja usikifanye: usimuuzie jirani sanduku hilo ili urudishe fedha yako.